Mpaka Kamati Itakapoamua

Juzi kamati ya michezo ya mji wetu iliniletea karatasi nitie sahihi. Binti mmoja wa miaka kumi na tisa, mkimbiaji hodari kuliko wote tulio nao, amemtukana mwalimu wake na kutoroka kambini. Basi afungiwe, imeandikwa, "mpaka itakapoamuliwa vinginevyo". Nikawauliza: kwao kuna nini hata akatoroka? Wakatazamana. Nikauliza: na atarudi lini? Wakatazamana tena. Nikaiweka kalamu chini. Wanasema Loutfia amezeeka, amekuwa mkaidi. Na waseme. Mimi ni binti wa Fundi Ridjali mshona viatu, na maneno kama hayo yaliingia nyumbani kwetu zamani na hayajatoka hadi leo.

Baba hakuwa mtu wa kuandikwa. Alizaliwa Mutsamudu, ndani ya mji wa mawe, katika kichochoro chembamba ambamo wanawake wawili waliojitanda shuka zao za shiromani wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Alipofika miaka kumi na minne alipelekwa Moroni, kisiwa kingine, kwa mjomba wake akajifunze kushona viatu. Alikaa huko miaka kumi na mmoja. Aliporudi alikuja na sanduku la nyundo na visu, na maneno mawili ambayo hakuyaacha maisha yake yote: "Kule Moroni". Wali wa kule Moroni, msikiti wa kule Moroni, mvua ya kule Moroni. Mama alikuwa akimtania kwamba kisiwani kwetu alirudi na miguu tu, kichwa alikisahau bandarini.

Katika hadithi zake za kule Moroni kulikuwa na moja aliyoipenda kupita zote. Mtu mmoja wa mtaa wa mjomba wake hakwenda kwenye maziko ya jirani, akakaa nyumbani kwake huku akisikia watu wanapita na jeneza. Mji ukamtenga. Hakuna wa kumwamkia, hakuna wa kumpa moto wa kuwashia jiko, hakuna wa kukaa naye sinia moja. Alipopita, watu waliangalia ukuta. Siku ya arubaini akaleta ng'ombe na magunia ya mchele, akaomba radhi mbele ya mji, ikasomwa Fatiha, na watu wakapanga mstari kumpa mkono. Baba alikuwa kijana tu, lakini alisimama kwenye mstari ule. Kila alipofika hapo sauti ilimkatika. Alisema ile ndiyo adhabu yenye huruma kuliko zote duniani, maana anayepigwa hubaki na kovu, lakini yule bwana alirudi mzima kama aliyezaliwa upya. Mimi nilikua nikiisikia hadithi hiyo, nikaipenda pia. Laiti angeiacha kule kule Moroni.

Kibanda chake kilikuwa karibu na njia ya kushukia bandarini. Makuli walimletea ndara za kutiwa soli, makarani walimletea viatu vyao vyeusi, na timu ya mpira ya mtaa ilimletea njumu. Za timu alizishona bure, ndiyo maana wakamwita mzee wa timu, na ndiyo maana alikuwa na kiti chake kwenye mikutano yao. Mimi nilishona ngozi za juu na yeye alipiga soli. Wakati wa mambo haya nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mtu mzima mwenye akili zangu, kwa hiyo sitajificha nyuma ya utoto.

Mchezaji ambaye baba alimpenda kupita wote aliitwa Hamidou. Alilelewa Hombo, upande wa mji ulio karibu na hospitali, na shangazi yake Koultoumi, kwa sababu baba na mama yake walikuwa wamehamia Majunga, ng'ambo huko Madagaska, pamoja na watoto wao wadogo watatu. Watu wengi wa kwetu waliishi huko siku hizo. Hamidou alikuwa na mguu wa kushoto ambao sijauona tena. Ulikuwa mpana kuliko wa kulia, na baba alimshonea njumu pea moja ya ngozi nyekundu, ya kushoto kubwa kidogo, akimwambia, "Huo ndio mguu unaokula zaidi, basi upe chumba." Kijana akacheka. Alikuwa mwenye kucheka haraka, na kila asubuhi akipita kibandani alisimama, akakinga mikono miwili kama tunavyowaamkia wakubwa, akasema, "Salamu alaikum, Fundi." Baba akaitikia. Ikishakuwa hivyo, ndipo siku ilianza.

Nchi ilipopata uhuru, na wiki chache baadaye serikali ikapinduliwa na mapinduzi yakaanza, vijana ndio waliopewa kila kitu, hata kamati za kutawala mitaa. Hamidou akachaguliwa timu ya visiwa vyote, akapelekwa kambini Moroni. Tulimsindikiza bandarini kwa ngoma. Alikuwa na miaka kumi na minane.

Mwezi wa Desemba mwaka sabini na sita zikaja habari za Majunga. Sitazieleza, aliyekuwapo anazijua, na asiyekuwapo amshukuru Mungu. Watu wetu waliuawa mitaani, siku mbili tatu, na waliosalimika wakaletwa nyumbani kwa ndege. Hamidou aliomba ruhusa kambini akaenda uwanja wa ndege wa Hahaya. Alisimama akiangalia watu wanaoshuka, ndege hii na ile. Koultoumi alivuka kwenda kuungana naye. Baadaye alituambia kwamba kijana alikuwa anahesabu kwa midomo: watano, watano. Hakushuka hata mmoja. Ndege zikaisha. Wakubwa wa kambi walimpa siku moja ya kuomboleza, kisha wakamwambia mapinduzi hayalii, arudi uwanjani. Na yeye akarudi. Hapo ndipo ningeogopa mimi, kama ningekuwa mkubwa wa kambi: kijana aliyepoteza watu watano na kesho yake anakimbia mlima wa Mvouni na wenzake, na anawashinda.

Mwezi wa Machi kulikuwa na mechi Moroni dhidi ya timu ya wageni. Uwanja umejaa, wakubwa wamekaa mbele. Kipindi cha pili ndege ikapita juu, ikielekea kaskazini, na Hamidou aliyekuwa na mpira mguuni akauacha. Akatoka nje ya mstari, akapita katikati ya watu, akashika barabara. Wengine walidhani anakwenda haja. Alikwenda Hahaya. Ni mwendo wa nusu siku, na barabara ile inapita juu ya mawe meusi ya volkano, na miguuni amevaa njumu. Walimkuta wakati wa magharibi, amekaa nje ya uzio wa uwanja wa ndege, soli ya kushoto imekatika katikati na mguu unatoka damu. Timu ilikuwa imefungwa mabao mawili.

Hakuna aliyemuuliza alikuwa anamngojea nani. Katika mambo yote ninayoyalaumu, hilo ndilo la kwanza. Wakubwa wa kambi waliandika barua kwamba ameihaini timu na taifa, wakampakia meli, wakaituma barua kwa kamati ya vijana ya mtaa wake imwadhibu.

Mwenyekiti wa kamati yetu aliitwa Taki, kijana wa miaka ishirini na mmoja, mwenye sauti nzuri na bunduki ya kuazima. Hakuwa mtu mbaya. Ningefurahi kusema alikuwa mbaya. Mkutano ulifanyika darasani, wakati ule ule ambapo huko Moroni makaratasi ya serikali yalichomwa moto na mlima Karthala ukatapika moto wake juu ya vijiji, na watu wazima walikuwa wanasema kwa sauti ya chini kwamba huu si mwaka. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani na wanawake wengine. Hamidou aliwekwa mbele, kichwa chini, akiwa amevaa njumu zile zile.

"Samaki mkunje angali mbichi," Taki akasema. "Anyolewe kichwa, afungwe bati shingoni, azungushwe mji mzima kwa fimbo."

Nikamwona baba anainuka.

"Mwanangu Taki, ngoja. Ukimzungusha na bati, hatacheza tena hapa. Ziko adhabu za wazee wetu zisizomwaga damu. Kule Moroni..."

Akawaeleza. Asiamkiwe, asipewe moto, asile na mtu, asipewe pasi uwanjani, asitengenezewe kitu chake chochote. Wasimguse hata kwa ukucha. Halafu, baada ya siku arubaini, alete mbuzi mmoja tu, kwa kuwa ni yatima, isomwe Fatiha, apewe mikono, yaishe. Alieleza vizuri mno. Alipofika kwenye mstari wa watu wanaotoa mikono, sauti ikamkatika kama kawaida yake.

Niliona kwamba imempendeza Taki.

"Fundi, umesema la maana. Haina gharama, haina fujo, na mtaa wote unashiriki. Tunaichukua. Lakini mbuzi hapana. Mbuzi, Fatiha, karamu, hayo ni ada, mila za zamani, na ada zimefutwa. Hatuwezi kufuta harusi kubwa za matajiri halafu tuchinje mbuzi kwa ajili ya huyu."

"Sasa atarudi vipi?" baba akauliza.

"Kamati itaamua."

"Lini?"

"Itakapoamua. Wanaokubali wanyanyue mikono."

Baba aliangalia bati lililokuwa pembeni, limeshatobolewa na kutiwa kamba. Akanyanyua mkono. Jioni ile alisema amemwokoa kijana, akala vizuri, akalala. Mimi sikulala sana, ila sitadanganya kwamba nilijua. Nilihisi tu kama mtu aliyefunga mlango na anapapasa mfukoni asiuone ufunguo.

Wiki za mwanzo Hamidou alikwenda mazoezini kama kawaida. Hakuna aliyemfukuza, maana kumfukuza ni kusema naye. Alisimama mahali pake, kushoto karibu na mstari. Mpira haukwenda upande ule. Siku moja ulimfikia wenyewe, ukiviringika, akautuliza kwa mguu ule mpana, akaunyanyua uso. Wenzake wakaenda kuchukua mpira mwingine wakaendelea kucheza. Alibaki ameukanyaga ule wake mpaka mazoezi yalipokwisha.

Kila Alhamisi, siku ya kikao, alikwenda mlangoni pa darasa akauliza, "Kamati imeamua?" Wajumbe wakampita. Wangemjibu vipi, na amri ni asijibiwe? Hata wangetaka kumwambia bado, wasingeweza. Nyinyi mnaocheka, fikirini vizuri: tulimwekea mlango unaofunguliwa kwa kuuliza, na tukaapa kutomjibu.

Koultoumi alizungumza naye ndani, mwanzoni. Kisha jirani mmoja akamwonya kwamba sauti zinasikika, na yeye ni mjane anayekaa nyumba ya kupanga. Akaanza kumwekea chakula chini na kutoka. Alinisimulia haya akilia, shiromani imemfunika uso, miaka kumi baadaye.

Siku ya arubaini na mbili, asubuhi, Hamidou alikuja kibandani. Baba alikuwa anapigilia soli ya kuli mmoja, mimi napaka nta uzi. Akasimama pale pale alipozoea, njumu nyekundu mkononi, akazitua kizingitini, akakinga mikono.

"Salamu alaikum, Fundi."

Baba hakuinua kichwa. Aliendelea kupiga nyundo, na kila mmoja wetu alijua kwamba msumari ulikuwa umekwisha kuingia zamani. Watu wawili walikuwa wanapita njiani. Mimi niliangalia ukuta. Nilimpenda Hamidou kama mdogo wangu na niliangalia ukuta, Mungu anisamehe. Alingoja muda wa kutosha mtu kusoma Fatiha mara tatu. Halafu akaondoka, miguu mitupu, njumu akaziacha.

"Kuitikia salamu ni wajibu," baba akasema baadaye, si kwangu, kwa nyundo.

Tangu siku hiyo Hamidou hakumwamkia mtu tena, wala hakuuliza tena mlangoni. Tuliona ametulia. Baadhi wakasema adhabu imemwingia.

Baba alimwendea Taki mara tatu. Mara ya kwanza Taki alisema ajenda ni ndefu, kuna barabara ya kuchimba. Mara ya pili alisema, "Nani?" kisha akakumbuka. Mara ya tatu baba alipomtaja Hamidou, Taki alisema kwa upole kabisa, "Fundi, mbona yule hana fujo yoyote siku hizi? Tumwache." Hawakumchukia, ndugu zangu. Walimsahau. Na hakuna daftari lililowakumbusha, maana siku zile kuandika kulikuwa kumetoka katika fasheni.

Baba akaanza kukonda. Alizitia zile njumu soli mpya usizozionea mfano, akazitundika msumarini. Hakuthubutu kumpelekea. Alikuwa mwoga, baba yangu. Alikuwa mtu mwema na mwoga, na hao ni wengi, na mambo mengi mabaya hufanywa kwa mikono yao.

Mwezi wa Mei mwaka sabini na nane serikali ile nayo ikapinduliwa. Kamati zikayeyuka kwa siku moja. Bunduki zikatupwa vichakani, bendera zikachanwa kuwa matambara, na wazee wakatoa kofia zao kabatini. Baba hakushangilia wala kununa. Alikwenda sokoni akanunua mbuzi.

Tulimpika Hombo, uani kwa Koultoumi. Walialikwa mtaa mzima na timu yote, na kweli walikuja, tena kwa haya, kila mtu akijifanya ana shughuli na viatu vyake mlangoni. Fatiha ikasomwa. Baba akasimama mbele ya watu, akasema makosa si ya kijana, ni yake. Akazitoa njumu kwenye kitambaa, zinang'aa. Watu wakapanga mstari. Ilikuwa vile vile kama kule Moroni.

Hamidou alikuwa amesimama ukutani. Alikuwa amekuwa mrefu, na shingo imekuwa nyembamba. Baba akampa mkono wa kwanza. Hakuupokea. Aliwapitia watu kwa macho, mmoja mmoja, akimtafuta mtu, mpaka akamwona Taki, amevaa kanzu nyeupe na kofia mpya, yuko wa nne kwenye mstari. Akasema naye. Ilikuwa mwaka mzima hatujaisikia sauti ile, na ilitoka na mikwaruzo.

"Kamati imeamua?"

Sote tukamgeukia Taki. Neno moja tu, neno dogo kuliko yote, na alikuwa nalo mdomoni. Lakini mlangoni walikuwapo wageni, na siku hizo waliokuwa katika kamati walikuwa wanatafutwa. Taki alilamba midomo.

"Kamati gani?" akasema. "Mimi sijawahi kuwa katika kamati yoyote."

Hamidou akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia.

"Basi bado," akasema.

Akapita katikati ya mstari, akatoka. Njumu zikabaki mikononi mwa baba. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ambayo mtu yeyote wa mji huu alimsikia akiyatamka.

Alipata kazi ya kubeba magunia ya karafuu bandarini, maana kazi ile haihitaji mazungumzo. Kila asubuhi alipita mbele ya kibanda, haamkii, haangalii. Na kila asubuhi baba aliinuka kitini, mbele ya wateja, akasema kwa sauti, "Alaikum salamu, Hamidou." Wasiojua walidhani mzee amechanganyikiwa, anaitikia salamu asiyopewa. Alikuwa ameshapewa. Alichelewa tu. Niliwahi kumwambia aache, kijana amekuwa jeuri. Akanikemea, na alikuwa hanikemei.

"Hana ujeuri. Anatii. Mimi ndiye niliyenyanyua mkono, na yeye bado anatii."

Aliitikia hivyo miaka kumi na mitatu, mpaka alipokufa. Siku ya maziko yake Hamidou alikuja. Alisimama ng'ambo ya njia jeneza likipita, uso ameuelekeza ukutani, kama wanavyotakiwa kufanya wenye kutengana. Akasimama hivyo mpaka mtu wa mwisho alipopita.

Amekuwa na mvi sasa. Bado anapita asubuhi kwenda bandarini. Kibanda ni changu, njumu ziko msumarini, na ikifika saa ile naweka sindano chini, nainuka, naitikia mimi.